Padre Mlevi wa Hadithini

Twawakumbusha habari za Graham Greene, Mwingereza Mkatoliki. Mwaka 1940 alitoa hadithi ya padre wa Meksiko, mlevi, mwenye binti, anayewindwa na serikali, wala haachi kuwapelekea watu Sakramenti. Wako waliochukizwa. Katika miaka ya 1950 Kardinali Griffin wa Westminster alimsomea barua ya lawama kutoka Roma, yenye kutaka kitabu kibadilishwe. Greene hakukibadili. Mwaka 1965 Papa Paulo VI, aliyekwisha kukisoma, alimwambia asijali, kwani hawatakosekana Wakatoliki wa kuchukizwa na vitabu vyake. Nasi tulipokisoma mara ya kwanza tuliwaficha wanafunzi. Sasa kimo kabatini mwa shule, wala ufunguo hatuuondoi.