Mazungumzo kwa Wakazi wa Mowlem: Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, programu iliyotoka mwaka wa 2015 na ambayo imezoeleka katika saiba na maduka. Kompyuta hazikuzima siku hiyo. Ziliwaka asubuhi iliyofuata, zikachapisha na kufungua eCitizen kama kawaida. Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye saiba aliye na mashine sita ambazo bado zinafanya kazi afanye nini? Azitupe, azirekebishe, au aendelee nazo vivyo hivyo?

Kuendelea vivyo hivyo ndilo jibu la pekee lisilofaa. Mashine ya saiba hupitisha vitambulisho, PIN na nywila za KRA, vyeti vya kuzaliwa na stakabadhi za mikopo ya wanafunzi. Pengo la usalama likigunduliwa leo katika Windows 10, mashine isiyopata masasisho hubaki wazi, na flashi moja ya mteja yatosha kuingiza virusi. Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu wengine azilinde. Mteja aliyeacha nakala ya kitambulisho chake kwenye kompyuta ya jirani hana njia ya kujua kama mashine hiyo iko salama. Anayejua ni mwenye mashine.

Hata hivyo, hakuna haja ya kukimbilia mjini na pesa za karo. Kwanza mwenye mashine aangalie kama inakubali Windows 11, kwa kuwa kuhama kutoka Windows 10 hakulipiwi. Microsoft inataka angalau GB 4 za RAM, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa mashine za Intel, kwa jumla, kizazi cha 8 au cha baadaye. Hapa ndipo wanunuzi wengi wa laptopu za mtumba huumia. Kibandiko cha "Core i5" hakisemi umri. Kinachosema ni nambari inayofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8250U ni ya kizazi cha 8, na i5-10210U ni ya kizazi cha 10. Muuzaji anaweza kuwa amelazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyofaa, nayo ikawaka vizuri pale dukani, lakini Microsoft inasema mashine ya aina hiyo haina haki ya kupata masasisho. Mnunuzi aisome nambari hiyo kabla ya kutuma pesa.

Mashine ikikataa, bado kuna njia. Kompyuta ya matumizi ya nyumbani inaweza kusajiliwa kwa masasisho ya ziada ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta za biashara zina mpango wao, nao ni wa kulipia. Njia nyingine ni Linux, ambayo haiuzwi. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake, ilianza mwaka wa 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na matoleo yake ya muda mrefu hupewa masasisho kwa miaka 5. Kazi inayofanyika ndani ya kivinjari, kama eCitizen, haijali sana kama chini yake kuna Windows au Linux. Faili za Excel zenye maelekezo ya kujiendesha ndizo zinazoweza kusumbua, kwa hiyo anayejazia wateja ritani kwa faili za namna hiyo ajaribu kwanza. Linux inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya kompyuta, na printa ikajaribiwa hapo hapo. Ikikataa, hakuna kilichopotea.

Teknolojia iliyobadilisha maisha ya Eastlands kuliko nyingine zote haikudai simu mpya. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini ya simu, ikafanya kazi kwenye kabambe ambazo watu walikuwa nazo tayari mfukoni. Simu ya jamii, kwa upande wake, iliondoka pale simu za mkononi zilipokuwa za bei nafuu. Saiba nazo zilianza kwa kuuza dakika za barua pepe. Baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009 na simu kuingia intaneti, biashara hiyo ilidhoofika, na siku hizi saiba huuza ujuzi wa kujaza fomu, kuskani na kuchapisha. Kwa kazi hiyo, printa nzuri ina faida kuliko prosesa ya kasi.

Mama mboga anayepokea malipo kwa simu hahitaji laptopu. Mwanafunzi wa chuo anayeandika kurasa 20 anaihitaji, kwa sababu simu itamchosha, na umeme ukipotea laptopu yenye betri nzima haipotezi kazi yake kama kompyuta ya mezani. Kuhusu laptopu zinazouzwa ghali kwa jina la akili unde: huduma nyingi za aina hiyo hufanyia kazi yake kwenye mitambo ya kampuni, mbali na mtumiaji. Laptopu ya kawaida yenye kivinjari kipya na bando huzifikia. Pesa iliyobaki ingefaa zaidi ikinunua SSD na RAM, vitu viwili vinavyoweza kumfufua mzee aliyechoka.

Ipo mashine ambayo imefika mwisho wake kweli. Hiyo isipelekwe kwa muuza vyuma kuukuu, wala kuachwa iishie kwenye jaa la Dandora hapo jirani, ikiwa na diski ndani. Kufuta faili kwa kubofya hakuziondoi kabisa, na fundi mwenye programu inayofaa anaweza kuzirudisha. Diski ifutwe yote kwa programu ya kazi hiyo, au itolewe na kutobolewa, kwa kuwa humo ndimo mlimo vitambulisho vya majirani wa miaka 10.