Joto la Kaskazi na Mgonjwa wa Akili Aliye Nyumbani

Mazungumzo kwa wakazi wa Msambweni



Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa joto. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, na usiku nao haupoi. Julai, wakati wa kusi, mchana huwa kama nyuzi 28. Kwa mtu mwenye afya, tofauti hiyo huishia kwenye jasho na kupepea. Kwa mwenye ugonjwa wa akili, hasa anayetumia dawa, yaweza kumrudisha hospitalini.

Hesabu zimefanywa kwingineko. Mjini Adelaide, Australia, siku za joto kali waliolazwa kwa matatizo ya akili waliongezeka kwa asilimia 7 hivi. Marekani, kumbukumbu za mwaka 2010 hadi 2019 zilionyesha ongezeko la asilimia 8 la waliokimbilia vitengo vya dharura kwa sababu hizo. Mtu atasema hao wamezoea baridi. Lakini Hanoi, Vietnam, mji wenye fukuto kama la hapa, watafiti waliona hali hiyo hiyo.

Usingizi ndio mlango wa kwanza. Chumba cha mabati hubaki na joto hadi alfajiri, na ndani ya neti hewa haipiti. Mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia akikosa usingizi siku mbili tatu mfululizo, ugonjwa waweza kuamka: anasema mno, anagawa mali, anatembea usiku kucha. Ezeko la makuti, ambalo siku hizi watu wengi wanaliacha, lilikuwa na faida yake hapa.

Mlango wa pili ni dawa zenyewe. Largactil huufanya mwili ushindwe kujipoza, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Artane, inayotolewa kuzuia mtetemeko na kukakamaa, hupunguza jasho. Lithiamu nayo hutegemea maji na chumvi mwilini: mtu akitoka jasho jingi bila kunywa maji, dawa hujilimbikiza kwenye damu mpaka ikawa sumu.

Hapa ndipo jamaa wengi hukosea. Kijana ametoka kukata miwa Ramisi saa saba za mchana, anapepesuka, anasema yasiyoeleweka. Majirani wanasema, "Karudiwa." Wengine wanataja mashetani, na kamba inatafutwa. Mguse kwanza. Ngozi ikiwa ya moto kama jiko, hilo ni joto lililompanda, na linaua kwa saa chache. Awekwe kivulini, avuliwe nguo nzito, amwagiwe maji na kupepewa, huku gari la hospitali likitafutwa. Asilazimishwe kunywa akiwa hajitambui.

Anayetumia lithiamu akitetemeka mikono sana, akitapika, akiharisha au ulimi ukawa mzito, aende hospitali siku hiyo hiyo, na kidonge kinachofuata kisubiri neno la daktari. Pakiti ya dawa ichukuliwe pia.

Kuna wanaosema dawa hizi "zina joto", basi wanaziacha zote mpaka masika. Malalamiko yao yana ukweli, lakini dawa ikikatwa ghafla ugonjwa hurudi, mara nyingi kwa nguvu zaidi. La kufanya ni kumwambia daktari mapema, Desemba badala ya Februari, ili aangalie kipimo. Nyumbani, maji yawe karibu na mgonjwa bila yeye kuomba. Kazi ya jua ifanywe asubuhi au baada ya alasiri. Usiku alale mahali penye upepo, hata kama ni mkeka barazani, neti ikiwa juu.

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya joto. Anayetaka kufunga na yuko kwenye dawa hizi azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, kisha na imamu wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa, na imamu anajua hivyo.

Zamani safari ya mgonjwa ilikuwa Port Reitz, ama Mathari kule Nairobi, pengine akiwa amefungwa ndani ya matatu huku foleni ya feri ya Likoni ikichomwa na jua. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti zitoe huduma hii karibu na watu. Kwa hivyo mpelekeni kwanza Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni, au kwenye zahanati iliyo karibu, wamwone na wamwandikie rufaa. Mwenye kukata tamaa au kuwaza kujidhuru, au jamaa anayemwona hivyo, apige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu. Haina malipo.