Barua ya Wakili Si Hukumu: Vyuo vya Mtandaoni Vinavyonyamazisha Wakosoaji

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wazazi, vijana na waajiri.)



Chuo kinachouza shahada bandia kupitia intaneti humwumiza mtu mara mbili. Kwanza, humla karo. Pili, mtu huyo akilalamika hadharani, huenda akaletewa barua ya mawakili: futa ulichosema, omba radhi, lipa fidia, la sivyo tukutane mahakamani. Wengi hunyamaza hapo. Anayefuata naye hulipa, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumwonya.

Mchezo huu una historia. Nchini Marekani, mume na mke mmoja katika jimbo la Washington waliendesha Saint Regis University, kilichodai kutambuliwa na serikali ya Liberia. Hakikuwa na madarasa wala walimu. George Gollin, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Illinois, alikichunguza na kuweka matokeo kwenye tovuti ya chuo chake. Malalamiko na vitisho vya kesi vikafuata, na chuo kikamwomba aziondoe kurasa hizo. Hazikupotea, kwani jimbo la Oregon lilikubali kuzihifadhi kwenye tovuti yake.

Mwaka wa 2005 wapelelezi walivamia makao ya biashara hiyo. Ikabainika kwamba ilikuwa imewauzia vyeti watu zaidi ya 9,000 katika nchi 131. Mwaka wa 2008 mume na mke hao walifungwa miaka mitatu kila mmoja. Mambo aliyotishiwa profesa yalikuwa kweli tupu.

Oregon yenyewe haikusalimika. Sheria yake ilizuia mtu kutumia shahada isiyo na ithibati kuombea kazi. Ithibati ni uthibitisho wa chombo kinachotambulika kwamba chuo kinafundisha ipasavyo. Mnamo Mei 2004, kamati ya Seneti ya Marekani ilisikiliza ushahidi kuhusu Kennedy-Western University, kilichokosa ithibati hiyo. Afisa aliyejisajili huko ili kukichunguza alieleza kwamba kwa saa 16 za masomo alimaliza asilimia 40 ya kozi ya uzamili. Mwaka huohuo chuo hicho kiliishtaki Oregon. Kesi ikaishia kwa maafikiano, na sheria ikalegezwa: mwenye shahada ya aina hiyo aliruhusiwa kuitaja, mradi aseme wazi kwamba haina ithibati. Chuo kilibadilisha jina, kikafungwa mwaka wa 2009. Ikiwa jimbo zima lenye mawakili wake lililegeza msimamo, mzazi wa kawaida atafanyaje?

Mei 2015, gazeti la New York Times lilieleza jinsi kampuni ya Axact ya Pakistan ilivyohusika na tovuti zipatazo 370 za vyuo na shule, nyingi zikiwa za kubuniwa. Jibu la kwanza la kampuni lilikuwa kukana na kutishia hatua za kisheria.

Hapa Kenya jambo hili si geni. Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulibaini vyeti ghushi zaidi ya 2,000 miongoni mwa wafanyakazi wa umma. Kila cheti cha aina hiyo ni nafasi iliyonyakuliwa kutoka kwa kijana aliyesoma kwa jasho.

Basi mwananchi afanye nini?

Kabla ya kulipa, atazame orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Chuo kikiwa cha nje, aulize ni chombo gani cha nchi hiyo kinachokitambua, kisha awasiliane na chombo hicho moja kwa moja. Asifuate kiungo kilichowekwa na chuo chenyewe, maana wauzaji wa vyeti hubuni hata bodi za ithibati. Shahada ya siku chache, au inayotolewa kwa "uzoefu wa maisha" pekee, ni ya kukimbiwa.

Aliyetapeliwa ahifadhi kila kitu: risiti, ujumbe wa M-Pesa, barua pepe, tangazo lenyewe. Apige ripoti kwa polisi. Anapowaonya wengine, aseme anachoweza kuthibitisha: alilipa kiasi gani, lini, aliahidiwa nini, alipata nini. Matusi na tetesi aviache. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini pia kinataka heshima ya wengine isiharibiwe. Katika kesi ya kuharibiana jina, ukweli unaothibitishwa ni kinga.

Barua ya wakili ikija, asiitupe, wala asikimbilie kutia sahihi ya kuomba radhi. Barua hiyo ni dai la upande mmoja, si hukumu. Aipeleke kwa wakili pamoja na stakabadhi zake. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuuliza Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria au Kituo cha Sheria. Lakini wito wa mahakama ni jambo jingine. Huo lazima ujibiwe kwa muda uliowekwa, kwa sababu anayeupuuza anaweza kuhukumiwa bila kusikizwa.

Chuo halali hujibu swali la ithibati kwa kuonyesha stakabadhi. Kinachojibu swali hilo kwa vitisho vya kesi, mzazi afunge mkoba wake kwanza.