Hisabati kwa Mwanafunzi Aliyeachwa Nyuma: Tuanzie Kwenye Kosa Lake

Walimu wenzangu, mwanafunzi wa Gredi ya 4 akiandika kwamba 52 kutoa 27 ni 35, wengi wetu humwekea alama ya mkasi na kusonga mbele. Ila jibu hilo lina asili. Katika kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 7 toa 2, 5 toa 2. Kanuni anayo, tena anaifuata kwa uaminifu. Asichojua ni kwamba ile 5 ni makumi yanayoweza kufunguliwa. Kumrundikia maswali mengine ya aina hiyo jioni ni kumkomaza katika kosa. Hoja yangu ni kwamba tumfundishe pale alipo, hata kama pako nyuma ya gredi yake.

Ushahidi upo humu nchini Kenya. Watafiti Glewwe, Kremer na Moulin, waliochunguza ugawaji wa vitabu vya kiada Busia na Teso miaka ya 1990, waligundua kuwa vitabu hivyo viliinua alama za wanafunzi waliokuwa tayari bora, si wengine. Baadaye Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer wakafuatilia shule 121 za magharibi mwa Kenya zilizopewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza kuanzia 2005. Pale watoto walipogawanywa kwa alama zao za mwanzo, wa juu walinufaika na wa chini wakanufaika, maana mwalimu alipata kundi analoweza kulilenga.

Mzazi atauliza kama hatutawabandika watoto jina la wajinga. Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu sipendekezi mikondo ya kudumu, bali saa moja kwa siku, kwa vikundi vinavyopangwa upya kila baada ya wiki chache. Na uhaba wa walimu? Gredi ya 3 hadi ya 5 zikisoma hisabati saa ileile, kila mwalimu huchukua kiwango kimoja, kama shirika la Pratham linavyofanya India. Kuhusu mtaala kutokamilika, mtoto asiyeweza kutoa hatazielewa sehemu hata tukizifikia kwa wakati.

Turudi kwa 52 kutoa 27. Hapa kwetu Igembe, Meru, shurba (vifungu vidogo) kumi za miraa hufungwa kuwa bunda moja. Mwenye mabunda 5 na shurba 2 akitaka kuuza shurba 27, hana budi kufungua bunda. Wapo watakaopinga, wakisema miraa imewatoa watoto wengi shuleni. Nakubaliana nao kabisa: miraa yenyewe isiingie darasani, vijiti na kamba vinatosha. Muhimu ni mtoto afungue fungu kwa mikono yake, aeleze kwa Kimeru au Kiswahili anachofanya, ndipo aandike. Akishapata 25 bila kusaidiwa, apewe 402 kutoa 178. Ile sifuri ya katikati itatuonyesha kama ameelewa au amekariri.