Jumba la Bunge la Uskoti: Hasara Ilimwangukia Nani?



Fedha ya umma ikipotea, twazoea kumtafuta mwizi. Leo twataka kuwaeleza habari za jumba ambalo gharama yake ilizidi mara kumi, wala mwizi hakuonekana.

Watu wa Uskoti hawakuwa na Bunge lao tangu 1707. Katika Septemba 1997 walipiga kura, wakalipata. Kabla ya kura ile Serikali ilikuwa imewaambia kwamba jumba la Bunge litagharimu baina ya pauni milioni 10 na milioni 40. Lilipofunguliwa huko Holyrood, mjini Edinburgh, katika Oktoba 2004, limechelewa miaka mitatu, hesabu ilikuwa imefika yapata pauni milioni 414.

Wananchi walikasirika, na haki ilikuwa yao. Mwaka 2003 Lord Fraser wa Carmyllie, mwanasheria aliyepata kushika vyeo vikubwa vya Serikali, aliwekwa achunguze. Aliwahoji wakubwa na mafundi mbele ya watu, na ripoti yake ikatoka tarehe 15 Septemba 2004.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkataba wa kawaida mnaujua: mwakubaliana bei na kontrakta mmoja, naye akikosea hesabu hasara ni yake. Holyrood haikuwa hivyo. Kazi iligawanywa vipande vipande, kila kipande na kontrakta wake, na kila mmoja akafunga mapatano na mwenye jumba. Tena ujenzi ulianza hali ramani hazijakwisha kuchorwa. Ramani ikibadilika, au fundi huyu akimngoja yule, gharama ni ya mwenye jumba. Na mwenye jumba ni nani kama si mlipa kodi? Lord Fraser aliona kwamba kuchagua mkataba wa namna hii lilikuwa kosa kubwa, na kwamba maofisa wa Serikali waliuchagua bila ya kuwaeleza Mawaziri hatari yake.

Wako walionung'unika kuwa hakumtaja mkosaji mmoja. Sisi hatumlaumu kwa hilo. Kumfukuza mtu mmoja kungepoza hasira tu, na mkataba ule ule ungeweza kutiwa sahihi tena kesho yake.

Linalotuudhi ni jingine. Uchunguzi ule haukuwekwa kwa sheria, kwa hiyo Lord Fraser mwenyewe hakuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu kutoa ushahidi. Shirika la BBC lilikuwa na kanda za mazungumzo yaliyorekodiwa jumba likijengwa. Aliomba apewe zile zisizopata kuonyeshwa, BBC ikakataa. Miongoni mwa waliozungumza humo alikuwako Donald Dewar, kiongozi aliyelianzisha jumba, na Enric Miralles, Mhispania aliyelichora. Hao hawakuweza kuitwa, maana walikufa wote wawili mwaka 2000, kuta hazijakwisha kusimama.