Kwa Nini Ng'ombe wa Maziwa Hutolewa Kundini
(Maneno yaliyosemwa barazani mbele ya wazee, walimu na wafugaji)



Tumeombwa tueleze kwa nini wafugaji huwatoa kundini baadhi ya ng'ombe wa maziwa, hata walio wanene na wazuri wa kutazamwa. Wengi hudhani ni tamaa ya fedha tu. Sivyo.

Ng'ombe hula kila siku, akamuliwe asikamuliwe. Mtu wa migombani Kilimanjaro, afugaye ng'ombe wawili zizini na kuwaletea majani kutoka tambarare, ajua uzito wa neno hili. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, na mfugaji hutazamia ndama kila mwaka au baada ya mwaka kupita kidogo. Asiyeshika mimba, maziwa yake hupungua hata kukauka, naye hula majani ambayo yangalimkuza mtamba. Lakini tusiwe na haraka. Ng'ombe hutaka dume kila siku 21 hivi, na dalili zake mara nyingi hazimalizi siku moja. Pengine huja usiku. Mwenye kulala akazikosa, kisha akamwita ng'ombe wake tasa, amemsingizia.

Sababu nyingine ni kiwele. Kiwele kikivimba mara kwa mara, maziwa yakatoka na mabonge, pengine vijidudu vimejificha ndani ya nyama ya kiwele na dawa haivifikii, na mikono ya mkamuaji huvihamisha kwa ng'ombe wazima. Wako pia wenye kwato mbovu, na wazee. Huko Ulaya na Marekani ng'ombe wengi hutolewa baada ya kuzaa mara tatu au nne tu, ingawa ng'ombe aweza kuishi hata miaka 20.

Lakini lililotuleta hapa hasa ni ugonjwa wa kutupa mimba. Kijidudu chake katika ng'ombe kilitambuliwa na Bernhard Bang, daktari wa Denmark, mwaka 1897. Humpata na mtu pia, kwa maziwa mabichi au kwa kushika kondo la nyuma, akawa na homa ya kwenda na kurudi. Sisi wenyewe tulinunua ng'ombe mnadani, mwenye mimba, kwa bei iliyotupendeza. Mwezi wa saba akaitupa. Baada ya muda mtamba wetu naye akatupa yake. Bwana Mifugo akatoa damu, na ugonjwa ukaonekana kwa wote wawili. Ndipo tulipoambiwa na jirani za muuzaji ya kuwa ng'ombe yule alikwisha kutupa mimba mara mbili kwake. Alimtoa kundini kwa haki; kosa lake ni kunyamaza.

Basi anayetolewa kwa uchache wa maziwa aweza kununuliwa na mwenye haja ndogo. Mwenye ugonjwa huu asiuzwe kufugwa, bali aende machinjioni kwa ruhusa ya Bwana Mifugo. Aliyetiwa dawa asichinjwe kabla ya kutimia siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Walimu, twawaomba muwaandikie wasiojua kusoma daftari ya kila ng'ombe: siku aliyopandwa, aliyozaa, aliyotupa mimba, na dawa alizopewa. Nanyi wazee, ng'ombe akiuzwa mbele yenu, ulizeni daftari hiyo kabla fedha hazijahesabiwa.