Fundi wa Baridi Akiharibu, Nani Analipa?

Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa frigo na klimatizeri, mbele ya mkutano wa wanachama, Baraka



Katibu ameniomba niseme juu ya asiransi ya mafundi wa baridi. Nilipotaja neno hilo kwa wenzangu wa kazi, mmoja alicheka, akasema asiransi ni ya wenye motokari. Ninaomba tulitazame jambo hili pole pole, kwa sababu linagusa nyumba zetu na viwanja tulivyovirudia.

Wengi wetu tulijifunza kazi uhamishoni, Nyarugusu, Lugufu ao Kigoma mjini. Tangu meli zilipoanza kuturudisha mwaka 2005, kila mtu alishuka Baraka na alichokuwa nacho: mwingine cherehani, mwingine msumeno, mwingine begi la funguo na kipimo cha gesi. Siku zile kazi ya baridi ilikuwa ndogo. Leo tunaitwa kwa konjelateri za wamama wanaouza mikebuka na sangala pwani, kwa frigo za vinywaji, kwa frigo za sola za chanjo kwenye vituo vya afya, na kwa klimatizeri za biro. Kazi imekua, na hatari yake imekua pamoja nayo.

Tuanze na sheria. Watu wanafikiri kwamba fundi akiharibu, mambo yanaishia kwa kusameheana ao kugombana. Lakini Kongo ina sheria ya mapatano na wajibu tangu mwaka 1888, na bado inatumika. Kifungu chake cha 258 kinasema, kwa maneno yetu ya kawaida, kwamba anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima airekebishe. Cha 259 kinaongeza kwamba si kosa la makusudi tu: hata uzembe na kutokuwa mwangalifu vinahesabika. Na cha 260 ndicho kinachotuhusu sana sisi wenye wanafunzi: fundi anajibu kwa hasara inayoletwa na mwanafunzi wake wakati yuko chini ya uangalizi wake. Kwa hiyo ukimtuma kijana akafunge waya peke yake kule Mwandiga, wewe umebaki Baraka, usiseme "ni kijana aliyefanya". Jina litakaloitwa ni lako.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja pwani amekuita kutengeneza konjelateri, mumepatana dola 30. Umefanya kazi, baridi imerudi, umelipwa. Lakini waya uliouacha nyuma ni mwembamba, na grupu inayowasha pale inapanda na kushuka. Usiku waya unapata moto, moto unashika ubao, unaingia kwa jirani mwenye duka la vitenge na unga. Hasara ya jirani: dola 1 800. Ukilipa deni hilo kwa kazi za dola 30, ni kazi 60 bila kula, bila kusomesha mtoto. Ndiyo maana fundi wa namna hiyo anakimbia mji ao anauza kiwanja. Na jirani naye, aliyerudi toka kambini kama wewe na kuanza na mfuko mmoja wa unga, amerudi pale alipoanzia. Watu wawili wameanguka kwa waya mmoja.

Moto si hatari peke yake. Frigo nyingi mpya zina gesi ya R-600a, na hiyo inawaka. Ndani yake ni kidogo, mara nyingi gramu 50 hivi, lakini ukiwasha shalimo juu ya bomba kabla ya kuitoa nje vizuri, ndani ya chumba kilichofungwa, unaweza kuunguza mtu. Kibandiko nyuma ya frigo kinasema ni gesi gani. Kisome kabla ya kushika ufunguo. Klimatizeri iliyofungwa na skrubu fupi ukutani inaweza kumwangukia mpita njia. Maji yake yakipelekwa vibaya yataingia kwenye kompyuta za watu.

Na chanjo. Chanjo za kituo cha afya zinatunzwa kati ya digri 2 na 8. Sisi tunazoea kufikiri baridi zaidi ni kazi nzuri zaidi. Kwa mikebuka, sawa. Kwa chanjo, hapana: kuna chanjo zinazokufa zikiganda, na ukizitazama kwa macho unaweza usione kitu. Ukigeuza kirekebishi cha baridi hadi mwisho ili kumfurahisha muuguzi, unaweza kuharibu chanjo za watoto wa kijiji kizima. Hasara kama hiyo hata dola haziwezi kuipima.

Sasa asiransi yenyewe ni nini? Ile tunayoisema leo munaijua tayari, hata kama hamujui kwamba munaijua. Kwenye karatasi ya asiransi ya motokari kuna herufi RC. Maana yake ni wajibu kwa wengine. RC hailipi motokari yako. Inamlipa mtu uliyemgonga. Ya fundi ni hivyo hivyo. Unalipa feza kidogo kila mwaka, na siku kazi yako imemletea mwingine hasara, kampuni inamlipa yule mwingine mahali pako, mpaka kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba. Tuseme mkataba unasema dola 100 za kwanza unalipa mwenyewe. Katika mfano wetu, jirani anapata 100 toka kwako na 1 700 toka kwa kampuni. Unabaki na kiwanja chako, naye anarudisha duka lake.

Zamani kulikuwa na mlango mmoja tu: SONAS, iliyoanzishwa mwaka 1966, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Sheria ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko, na tangu 2019 kampuni za watu binafsi zimepewa ruhusa kufanya kazi. Anayetoa ruhusa na kuzichunga ni ARCA. Basi, mtu akija hapa na mkoba na muhuri, akisema anauza asiransi, swali la kwanza ni: kampuni gani, na ruhusa yako ya ARCA iko wapi? Asipoonyesha, mpeni maji ya kunywa aende zake.

Nisiwadanganye: asiransi hailipi kila kitu. Yafuatayo kwa kawaida haiyalipi:

Kwanza, kazi yako mbovu yenyewe. Jirani atalipwa vitenge vyake, lakini konjelateri uliyoitengeneza vibaya utairudia kwa feza zako.

Pili, uharibifu wa makusudi.

Tatu, kazi ambayo hukuitaja. Ukijiandikisha kama fundi wa frigo, kisha ukafunga umeme wa nyumba nzima, kampuni itasema hiyo haikuwa kwenye mkataba.

Nne, mfanyakazi wako mwenyewe akiumia. Njia yake ni CNSS, ile tuliyokuwa tukiiita INSS.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza maswali matano. Kiasi cha juu ni ngapi kwa ajali moja, na ngapi kwa mwaka? Ya kwangu ya kwanza ni ngapi? Wanafunzi wangu wamo? Hasara inayotokea baada ya mimi kukabidhi kazi na kuondoka imo? Hili la nne ni kubwa, kwa sababu moto wa frigo hauji wakati fundi amesimama pale. Unakuja usiku, siku kumi baadaye. Na la tano: nina siku ngapi za kutoa habari ajali ikitokea? Ukichelewa unaweza kupoteza haki yako. Tena siku ya ajali, saidia watu, zima moto, lakini usitie sahihi kwamba utalipa hiki na kile kabla kampuni haijajua.

Wengine watasema: biro za kampuni ziko kwenye miji mikubwa, barabara tunazijua, tufanye sanduku letu wenyewe. Ni wazo zuri, tulihesabu pamoja. Tuseme mafundi 15, kila mmoja dola 2 kwa mwezi. Ni dola 30 kwa mwezi, 360 kwa mwaka. Moto mmoja wa dola 1 800 unakula sanduku la miaka mitano. Sanduku la watu 15 linaweza kusaidia hasara ndogo, kama samaki wa mama mmoja walioharibika. Moto haliuwezi. Kampuni inauweza kwa sababu inakusanya toka kwa watu wengi, pahali pengi, na si wote wanaungua siku moja. Tena sanduku letu tusiliite asiransi, maana kuuza asiransi kunataka ruhusa. Tuliite msaada, na tuandike wazi kiasi chake ni ngapi, ili mtu asitegemee kisichokuwepo.

Wafadhili wetu, neno moja kwenu. Mashirika yanapotafuta fundi wa kufunga frigo ao klimatizeri, mara nyingi karatasi zao zinaomba cheti cha RC. Fundi wa Fizi hana, kazi inaenda kwa mtu wa mbali, na frigo ikiharibika mwezi wa pili hakuna wa kuirudia. Tunawaomba mambo mawili. Munapoleta frigo, wekeni kwenye bajeti yake waya wa unene unaofaa, disjonkteri na stabilizateri, kwa sababu hasara nyingi zinaanzia pale. Na mutusaidie kulipa mwaka wa kwanza wa mkataba mmoja wa kikundi, kwa jina la mafundi wote. Mwaka wa pili tutajilipia kutoka kwenye kazi ambazo cheti hicho kitatufungulia.

Kwetu sisi mafundi, kuna mambo yasiyongoja kampuni yoyote. Kila mmoja awe na kaye ya kazi: tarehe, jina la mwenye frigo, aina ya gesi, hali ya waya ulivyoukuta, ulichofanya, na sahihi mbili. Ukikuta waya mbovu na mwenyewe hataki kuubadilisha, andika, mwambie atie sahihi, na usiwashe. Usimwache mwanafunzi akabidhi kazi peke yake. Kwa chanjo, acha kipimo cha joto ndani usiku mzima na ukisome asubuhi pamoja na muuguzi kabla chanjo hazijarudishwa. Kaye hiyo haiondoi kosa lako, lakini inaonyesha lipi ni lako na lipi si lako. Na kampuni ikitaka kujua wewe ni fundi wa namna gani, ndiyo utakayoiwekea mezani.

Ninaleta mapendekezo matatu, na ninaomba wanachama wayapigie kura leo. Moja: mafundi wote wa baridi wa chama waandikwe kwenye orodha moja, pamoja na wanafunzi wao. Mbili: kaye ya kazi iwe lazima kwa kila anayetumia jina la chama. Tatu: tuchague watu wawili wa kwenda kuuliza bei kwa kampuni zisizopungua mbili zenye ruhusa ya ARCA, na watuletee majibu kwa maandishi, pamoja na majibu ya yale maswali matano.

Tulirudi na mikono mitupu na watu wakatuamini, wakatufungulia nyumba zao na maduka yao. Mtu anayekukabidhi frigo ya samaki wake amekukabidhi ada ya shule ya watoto wake. Tufanye kazi kwa namna ambayo siku tukikosea, asilale njaa yeye.

 Maswali ninayapokea.